Kano ya swala na kano ya ng'ombe: kweli zinatofautiana, au ni sifa za wawindaji tu?

#1 Mjukuu wa Nansio
Wakuu, habari za jioni. Wajuvi wa ngozi, kano na mambo ya uwindaji wa zamani, nisaidieni kabla sijagombana na mjomba.

Babu mzaa mama alikuwa mwindaji, enzi hizo Ukerewe, baadaye akahamia upande wa Magu. Alipofariki vitu vyake viligawanywa, mimi nikaangukiwa na upinde, podo la ngozi (mfuko wa mishale) lililokakamaa, na kwato mbili ndogo nyeusi zilizotobolewa juu na kufungwa pamoja kwa kipande cha kano. Upote, yaani kamba ya upinde, ulikuwa umeshakatika siku nyingi. Nikaenda machinjioni, nikapata kano za miguu ya ng'ombe, nikazikausha, nikazitwanga, nikasokota upote mpya. Mchana wa jua ukiuvuta unalia vizuri tu. Usiku ukilala kibarazani (tunakaa Kayenze, maji yako hapo chini), asubuhi unaukuta umelegea, hauna hata nguvu ya kumtisha kuku.

Mjomba anacheka. Anasema kano ya mfugo ni ya supu, upote ni kano ya swala au pofu (yule mkubwa kama ng'ombe), na kwamba babu asingegusa ya ng'ombe hata kwa dawa.

Sasa nauliza: kano ya mnyama wa porini ina ubora wake kweli? Na zile kwato mbili zilikuwa za kazi gani? Kwenye kwato mjomba ana maelezo mapya kila tukikutana.

#2 Kiti cha Mbele
Naweka kiti hapa. Angalau leo tumepumzika Simba na Yanga.

#3 Mzee wa Sarara
Mleta mada, mimi nimezeekea kwenye nyama, Mwanza hii hii. Mjomba wako kapatia ila sababu aliyokupa siyo.

Wewe umechukua kano za miguu. Mwindaji alichukua ya mgongo. Ukishachuna ngozi, juu ya ule mnofu mrefu wa sarara kuna utando mweupe unaong'aa, mpana kuliko kiganja kwa mnyama mkubwa, umelala kufuata mgongo hadi kiunoni. Huo ndio mali. Unapenyeza ncha ya kisu chini yake, unaubandua polepole huku unakwangua nyama yote, maana ikibaki nyama unaoza na kunuka. Unaubandika kwenye ubao, unaukausha kivulini. Ukishakauka unaupasua kwa kucha tu, nyuzi zinatoka ndefu zimenyooka.

Kwa ng'ombe wa machinjioni huupati. Tunakata robo, panga linapita mbavuni, utando unakatika katikati, na unaobaki unaondoka na steki. Mwindaji alikuwa na swala mzima mbele yake na hana haraka ya kufungua bucha. Tofauti ni hiyo, uchawi hamna.

#4 Nyanda Kisesa
Mzee wa Sarara kwenye utando umemaliza, ila kulegea hujakugusa kabisa.

Ngozi mbichi na kano ni ndugu, zote zinakunywa unyevu. Waulize wacheza ngoma. Bulabo, sherehe yetu ya ngoma Wasukuma, inapigwa mwezi wa 6, kiangazi kimeshika, na bado kabla ya kuanza tunawasha moto wa mabua, ngoma zinageuzwa uso kwenye joto mpaka sauti ipande. Ukiiacha kidogo usiku inashuka tena. Hiyo ni ngozi ya ng'ombe iliyowambwa na kukazwa na watu wanaojua. Sembuse upote mmoja kibarazani Kayenze.

Babu yako hakuwa analaza upinde umekazwa. Alikuwa anaufungua upande mmoja, anauviringisha upote, anauweka pakavu. Juu ya moto wa jikoni, nina uhakika.

#5 Mjukuu wa Nansio
Wabeja, Nyanda. Hapo kwenye moto umenikumbusha, podo lote linanuka moshi hadi leo.

#6 Fundi wa Iritungu
Natokea Tarime, naishi Nyakato. Naomba nimpinge mjomba moja kwa moja.

Iritungu, kinubi chetu Wakurya, lilikuwa na nyuzi za kano za NG'OMBE. Jirani zetu Wajaluo na nyatiti yao ya nyuzi 8, kano vilevile. Watu waliokuwa na ng'ombe zizini hawakuhitaji kumkimbiza swala ili wapige muziki. Na nyuzi hizo zilivutwa kwa nguvu, zikapigwa usiku kucha arusini. Kano ya ng'ombe ingekuwa ya supu tu, tungekuwa bubu.

Leo wote tumehamia nailoni ya wavuvi, unaipata Mwaloni Kirumba kwa unene unaoutaka. Haijui mvua wala jua. Ila sauti ya kano ni nzito, inakufa mapema, inaacha nafasi ya maneno. Nailoni inapiga kelele.

#7 Mhaya wa Kemondo
Fundi, hata enanga yetu ilikuwa ya kano, usijitangaze peke yako.

Ila enanga si upinde. Uzi wa chombo unavutwa taratibu na kubaki hapo. Upote unavutwa mpaka kidevuni halafu unaachiwa ghafla, unapigwa mshtuko. Kinachovumilia mvuto si lazima kivumilie mshtuko. Kwa hiyo mjomba bado hajashindwa.

#8 Fundi wa Iritungu
Mhaya hajawahi kukubali kitu bila kuongeza la kwake.

#9 Mhaya wa Kemondo
Waitu, nimeongeza kwa sababu lilikuwa pungufu.

#10 Wakili wa Mtaa
Kabla hamjafika mbali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Nyara siyo pembe za ndovu peke yake. Imetajwa pembe, jino, mfupa, kucha, KWATO, NGOZI, nywele, mpaka nyama. Kukutwa na nyara ya serikali bila kibali ni kosa, someni kifungu cha 86. Huo utando wa sarara ya swala mnaoufundishana hapa ukikutwa nao sebuleni kwako, kumwambia askari ni wa kutengenezea upote ni kujiongezea maswali.

Mleta mada, hata hizo kwato mbili. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya au TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori), eleza ni urithi, uliza taratibu za hati ya umiliki. Na usiweke picha.

#11 Kiti cha Mbele
Wakili kaingia, swala wote wamekimbia.

#12 Kijana wa Lamadi
Wakili yuko sahihi, msimcheke. Sisi tunalala na kuamka na hifadhi, geti la Ndabaka la Serengeti liko hapo. Nyumbu mnaowaona kwenye televisheni sisi tunawaona mashambani. Jirani akikutwa na mkia tu hilo ni jambo la polisi.

Lakini nina swali kwa Wakili. Tangu kanuni za mwaka 2020 bucha za nyamapori zinaruhusiwa. Nikinunua mnofu wa mgongo wa pofu kwenye bucha lenye leseni, nikapewa risiti, na ule utando wa Mzee wa Sarara ukawa bado uko juu yake. Nyama nimeila. Utando umebaki. Nani mwenye utando?

#13 Wakili wa Mtaa
Risiti yako inasema nyama. Kuula ni halali. Kuugeuza upote muulize aliyetoa leseni, kwa maandishi, na jibu lihifadhi.

#14 Mzee wa Sarara
Na ukimwambia muuza bucha asikate robo akuachie mgongo mzima atakuuliza wewe ni mganga.

#15 Daktari wa Mbuzi
Nimesoma hadi hapa, naona sheria imetajwa, afya bado. Mimi ni mtu wa mifugo.

Wengi wanaotafuta kano na ngozi za porini hawawindi, wanaokota mzoga. Mzoga usioujua umekufaje usiuguse, achilia mbali kuuchuna. Kimeta kipo kanda yetu, kwa wanyamapori na kwa mifugo. Dalili zake kwenye mzoga: damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na njia ya haja kubwa, tumbo linavimba upesi, mwili haukakamai kama inavyotarajiwa. Ukiona hivyo, usipasue. Ukipasua, vijidudu vikikutana na hewa vinajigeuza mbegu ngumu zinazokaa kwenye udongo na kwenye ngozi kavu miaka kwa miongo. Chumvi haiziui. Jua haliziui. Moshi wa jikoni wa Nyanda hauziui. Ugonjwa huu zamani ulijulikana hata viwandani Ulaya kwa wachambua sufu na washika ngozi, waliokuwa hawajamwona mnyama mwenyewe hata siku moja.

Kidonda cheusi kisichouma mkononi baada ya kuchuna, kimbia hospitali na useme wazi umeshika mzoga.

Mjukuu, podo la babu limekaa miaka mingi na familia, sikutishi. Ila usilikwangue vumbi lake bila kufunika pua.

#16 Mjukuu wa Nansio
Daktari asante sana. Nilikuwa naanza kulikwangua kesho.

#17 Ngika Damu
Turudi kwenye kwato. Hizo ni njuga za mbwa. Mbwa wa kuwindia alifungwa kitu shingoni kinachogonga ili mwindaji ajue yuko wapi kwenye kichaka. Kwato ni nyepesi, ni kavu, zikigongana zinasikika mbali kidogo bila kumchosha mbwa. Nyanda Kisesa wewe Mgalu, mpinzani wetu Wagika kwenye ngoma za Kisukuma, huwezi kujua, nyie mnajua kucheza na majembe tu.

#18 Nyanda Kisesa
Hatukuwashinda kwa majembe peke yake, Ngika, tuliza moyo.

Kengele ya mbwa naikubali kama wazo, ila niambie mbwa gani anayemkimbiza swala huku akimtangazia anakuja? Kwetu wazee wa Bununguli, wale wawindaji wa nungunungu, wanaingia shimoni kimya. Mimi nadhani ni vichupa vya ugoro. Kwato ndogo ikichemshwa, ganda la nje linavuka lote kwenye mfupa, ndani linabaki tupu. Unatia kizibo cha mti, unatoboa juu, unaning'iniza. Mjukuu, ndani zimejaa au ni tupu?

#19 Mjukuu wa Nansio
Ni tupu. Hazina harufu ya ugoro, lakini babu alikuwa anavuta kiko.

#20 Bibi wa Ukara
Wajukuu mmehangaika. Kwato kama hizo kwetu alifungwa mtoto aliyechelewa kutembea, mguuni, apate wepesi wa swala. Mtoto akishatembea zinahifadhiwa kwa anayefuata. Inawezekana ulifungwa wewe mwenyewe, mwulize mama yako.

#21 Kiti cha Mbele
Bibi kafunga mjadala.

#22 Mjukuu wa Nansio
Bibi shikamoo. Mama anasema mimi nilitembea mapema mno, mpaka nikaanguka ziwani.

#23 Sangara Mkavu
Marahaba sijaambiwa mimi, ila naingia. Babu alikuwa Ukerewe. Ukerewe ni samaki. Hizo ni vizamishio vya wavu au ndoano. Mnalazimisha uwindaji kwa sababu umekuta upinde.

#24 Mwalimu wa Kemia
Sangara, kwato inazama kweli, ni nzito kuliko maji, lakini kidogo sana. Na Ukerewe ilivyo na mawe, nani akeshe anamvua mnyama kwato kutafuta kizamishio?

Naomba niseme kidogo kuhusu vitu hivi vitatu maana watu wanavichanganya. Ngozi na kano ni jamii moja, kolajeni. Kwato, pembe, kucha na nywele ni jamii nyingine, keratini. Ndiyo maana ngozi ukiichemsha polepole inayeyuka na kuwa gundi, wakati kwato ukiichemsha inalainika, unaweza hata kuikunja na kuibana ikapoa kwenye umbo jipya, lakini haiyeyuki.

Kolajeni ya kano imepangwa kwa nyuzi zinazoelekea upande mmoja. Maji yakiingia kati yake, nyuzi zinateleza, upote unarefuka. Yakitoka, unajikaza. Kwa swala na kwa ng'ombe ni hivyohivyo. Anachokuja nacho Mhaya kuhusu mshtuko kinaweza kuwa na maana: umri wa mnyama unabadilisha ugumu wa kano, na wa porini aliyepigwa mshale mara nyingi ni mkubwa aliyekomaa, wakati machinjioni unachanganyiwa wa kila umri.

#25 Mzee wa Sarara
Mwalimu, ng'ombe wa Kisukuma aliyetembea kutoka mnadani huyo naye ni mwanariadha. Usiniambie kano yake ni laini. Meno yangu ni shahidi.

#26 Ngika Damu
Mwalimu umekosea hapo kwenye kwato. Gundi ya kwato ipo, mafundi seremala wa zamani walikuwa wanachemsha kwato. Nimemwona fundi Mabatini kwa macho yangu.

#27 Mwalimu wa Kemia
Ngika, alichokuwa anachemsha ni mguu wa chini wote: kipande cha ngozi, kano, gegedu na mfupa. Gundi ilitoka huko. Lile ganda gumu la nje alilitupa mwisho likiwa zima, mwulize. Na hakuwa anaichemsha kwa moto mkali, maana ikitokota sana inakufa nguvu. Moto wa kuvumilia kidole kwa shida, muda mrefu.

#28 Mama Makongoro
Jamani mnazungumza kazi yangu bila kunialika. Mimi nauza supu ya makongoro huku Kirumba.

Mwalimu yuko sawa. Kwato inababuliwa motoni, inapigwa kwenye jiwe, ganda linachomoka, linatupwa. Mguu unaingia sufuriani usiku, unalala kwenye moto mdogo hadi alfajiri. Supu ikipoa, sufuria nzima inaganda, ukiitikisa inatetemeka yote kwa pamoja, na mwiko unasimama wenyewe. Vijana wangu wakichelewa kuosha bakuli zinashikana. Kama hiyo siyo gundi basi sijui gundi.

Na makongoro hayatibu magoti, wateja wangu msije mkadai.

#29 Kiti cha Mbele
Mama naomba nikanushe, babangu alikunywa akapanda Bismarck Rock.

#30 Daktari wa Mbuzi
Alishukaje?

#31 Sangara Mkavu
Tukiongelea gundi, nyie watu wa nchi kavu mmesahau mabondo, vile vifuko vya hewa tumboni mwa samaki. Bondo la sangara ni kolajeni tupu, Mwalimu atathibitisha. Waturuki na Wachina wa zamani pinde zao zile fupi zilizojikunja zilikuwa mbao, pembe na kano vilivyoshikanishwa kwa gundi, na gundi waliyoithamini ilitoka kwenye mabondo ya samaki. Mjukuu, badala ya kusokota upote ungebandika kano mgongoni mwa upinde, ingekuwa silaha ya maana.

#32 Kijana wa Lamadi
Kwa bei ya mabondo sasa hivi atabandika nyumba.

#33 Sangara Mkavu
Tumia ya vipande vilivyochanika, viwanda haviyataki.

#34 Mwalimu wa Kemia
Nathibitisha ni kolajeni. Ila gundi hiyo nayo inaogopa unyevu. Waliotengeneza pinde hizo walizifunika kwa ngozi au gome ili maji yasifike. Ukiiweka kibarazani Kayenze bila kufunika utarudi kutuuliza tena.

#35 Mtu wa Meatu
Nimechelewa kuuona uzi. Sisi Meatu tunapakana na Wahadzabe, na wao bado wanatumia vitu hivi kila siku, siyo urithi wa kuning'iniza ukutani. Upote wao ni kano. Mishale yao imefungwa manyoya kwa kano. Ukiwatazama utaona kitu ambacho humu hakijasemwa: uzi wa kano wanautafuna kwanza. Unakaa mdomoni mpaka unakuwa laini, unatoka na mate, unazungushwa kwenye mshale ukiwa mbichi hivyohivyo, bila fundo. Unajishika wenyewe. Ukikauka unabana mpaka unaonekana umezama ndani ya mti.

Kwa hiyo hicho kipande cha kano kilichofunga kwato za babu, Mjukuu, kitazame. Kama hakina fundo, kimezungushwa tu, aliyekifunga alikuwa fundi.

#36 Mjukuu wa Nansio
Mtu wa Meatu, nimetoka kukitazama kwa tochi. Hakuna fundo. Ncha imeingizwa chini ya mzunguko wa mwisho na imekuwa kitu kimoja, sioni inapoanzia.

Na upinde nao, pale pa kushikia, umevishwa ngozi nyembamba isiyo na mshono. Nimezunguka kote.

#37 Mtu wa Meatu
Hiyo ni ngozi ya mkia. Unamchuna mkia bila kuupasua, unauvuta utoke mzima, unauvalisha mti ukiwa mbichi. Ukikauka huutoi tena ila kwa kisu. Mipini ya visu na ya shoka ilivishwa hivyohivyo, hasa ikianza ufa.

#38 Mzee wa Sarara
Mkia wa mbuzi unafaa kwa kisu kidogo. Wa ndama kwa shoka. Hilo hata mimi nalifanya, panga langu la bucha limevaa.

#39 Mhaya wa Kemondo
Kwa hiyo mnyama mwenyewe tuna hakika ni swala? Ukerewe na matete yake ya ziwa mimi nasema nzohe, yule swala wa majini. Rubondo wamejaa.

#40 Kijana wa Lamadi
Kwato za nzohe ni ndefu na zimetanuka ili asizame kwenye matope, huwezi kuziita ndogo. Mjukuu kasema ndogo nyeusi. Hiyo ni digidigi, nsya, au ukizidisha sana pongo.

#41 Mhaya wa Kemondo
Nzohe mtoto je?

#42 Fundi wa Iritungu
Nilisema mimi, Mhaya hakubali.

#43 Nyanda Kisesa
Mjukuu, tusisahau tatizo lako. Jaribu nta ya nyuki. Pasha upote kidogo juani, sugua nta hadi iingie, kisha sugua kwa kitambaa kipate joto. Haizuii unyevu wote ila asubuhi hautaning'inia.

#44 Ngika Damu
Nta siiamini. Mafuta ya kondoo ndiyo.

#45 Nyanda Kisesa
Mafuta ya kondoo yanaita panya. Panya anapenda kano kuliko mahindi. Kama unafuga panya sawa.

#46 Mtu wa Meatu
Au fanya kama alivyosema Nyanda mwanzo: fungua usiku. Mnatafuta dawa ya kitu ambacho ni tabia tu.

#47 Ngozi ni Mali
Habari zenu. Nimesomea mambo ya ngozi hapa DIT Mwanza, naona podo limeachwa.

Mjukuu, kwanza ujue kama podo ni ngozi mbichi iliyokaushwa au ni iliyosindikwa kwa magome. Wazee wengi wa kanda hii walitumia magome na maganda ya mbegu za migunga, yana dawa inayoshika ngozi isioze na isirudi kuwa mbichi. Kata kipande chembamba sana cha ukingo usioonekana, ukitie kwenye maji ya moto, yasiwe yanatokota. Ikijikunja papo hapo na kuwa ya kunata, ni mbichi. Ikivumilia, imesindikwa.

Kama ni mbichi, USILOWEKE kulilainisha. Litapoteza umbo lote na ukilikausha litajikunja vibaya. Liache gumu, ndivyo lilivyokusudiwa. Kama limesindikwa, lahitaji mafuta tu, kidogo kidogo, mafuta yasiyoganda. Hii ngozi ya bluu ya viwandani ya kromu msiilinganishe, hiyo ni kazi nyingine kabisa na inavumilia karibu maji ya kutokota.

#48 Mjukuu wa Nansio
Mafuta gani yasiyoganda? Samli inaganda, ya kondoo inaganda na panya yupo.

#49 Mama Makongoro
Mwanangu, yako kwangu. Supu ikitulia alfajiri kuna mafuta ya njano yanaelea juu. Hayo ya miguu ya chini hayagandi upesi kama mafuta ya mwilini, hata asubuhi ya baridi yanamiminika. Marehemu mume wangu alipakia mikanda ya viatu na kamba za punda. Nilidhani kila mtu anajua.

#50 Ngozi ni Mali
Ndiyo hayohayo! Darasani tunafundishwa kama mafuta ya kitaalamu ya ngozi, yanatoka kwenye miguu ya ng'ombe. Mama umeyapata bure miaka yote. Yachujwe tu chumvi isiwepo, na yasiwe na kitunguu.

#51 Mama Makongoro
Kitunguu mimi natia mwisho, kwenye bakuli. Chumvi pia.

#52 Mjomba Mwenyewe
Nimeonyeshwa huu uzi. Kwato zile ni za mnyama wa kwanza wa baba, alizihifadhi kwa heshima. Habari za mbwa na mtoto acheni. Na kano ni ya swala.

#53 Kiti cha Mbele
Akaunti imefunguliwa leo saa 3 usiku. Mjukuu, huyu ni mjomba kweli au ni Ngika Damu?

#54 Mjukuu wa Nansio
Anaandika kama mjomba. Ila wiki iliyopita mjomba aliniambia ni za kumtisha fisi.

#55 Mjomba Mwenyewe
Na fisi pia.

#56 Mjukuu wa Nansio
Mama Makongoro, nitafute mafuta siku gani?

#57 Mama Makongoro
Siku yoyote isipokuwa Jumapili. Njoo na chupa yako safi, kavu, kabla ya saa 12 na nusu. Ukichelewa nimeshayarudisha kwenye supu, maana kuna wateja wanayadai, na wao wanalipa.

#58 Mzee wa Sarara
Mama, na mimi niwekee bakuli. Bila gundi nyingi.